Kilometa Zilizobaki

Nawaambia mapema ili tusichoshane: haya yalitokea mchana, jua likiwa utosini, nami nilikuwepo. Kila ninaposimulia hakosekani mjuaji wa kuniuliza kama betri ilikuwa nzima, au kama siku hiyo nilikuwa na homa. Betri ilikuwa nzima. Homa sikuwa nayo.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ana lori la kuvuta magari. Ukipata ajali, au gari likikufia njiani, yeye ndiye utakayempigia. Kaka yangu ni fundi cherehani, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Mkewe ndiye anayetambaa chini ya magari yaliyopinduka na kufunga minyororo. Watu wanamwita Mama Winchi. Mimi nakaa kwenye kiofisi kidogo kando ya geti la yadi yetu, napokea simu na kujaza daftari: gari gani, tumelitoa wapi, limesoma kilometa ngapi. Wanasema mawifi hawaivi chungu kimoja. Sisi tunaiva, ila kwa kutukanana kuanzia asubuhi hadi jioni.

Jumanne moja lori lilikataa kuwaka. Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilikuwa nafagia, wifi anakunywa chai akiwa amesimama kama kawaida yake. Tukamwita Fundi Fyuzi, mzee wa umeme wa magari aliyefanya kazi na marehemu baba yake wifi tangu lori likiwa jipya. Ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na kila siku anaitafuta ya pili. Alichomeka mashine yake ya kupimia, akaguna.

"Boksi limekufa," alisema. "Kompyuta ya injini. Maji yameingia, ubongo umeoza. Jipya litachukua wiki sita kufika."

Wiki sita! Wifi aliweka kikombe chini. Lori ndilo kazi yake, na wifi asipokuwa na kazi hakuna anayepumua nyumba nzima. Hapo ndipo mimi, kwa mdomo wangu huu, nilipotoa wazo.

Kwenye kona ya yadi kulikuwa na lori la aina ileile, limepondeka mbele. Tulilivuta sisi wenyewe mwezi mmoja nyuma. Dereva wake alikufa mtaroni, asubuhi kweupe, kwenye barabara iliyonyooka. Wenyewe waliliacha, hawakurudi hata kuangalia. Nikasema boksi lake si lipo pale?

Fundi Fyuzi alishusha miwani, akamgeukia wifi. "Mwanangu, baba yako alisemaje?"

Sote tulijua. Baba yake wifi alikuwa na sheria moja kwenye yadi hii, nayo aliirudia hadi kitandani mwake mwa mwisho: gari tulilolivuta halitugawii kitu. Hata nati. Hata kifuniko cha tairi. Hakuwahi kusema kwa nini, na sisi tulidhani ni heshima tu kwa wafiwa.

"Baba alikuwa na sheria zake, nami nina lori bovu," wifi alisema. "Fungua."

Fundi alilichomoa lile boksi, dogo, la bati jeupe, unaweza kulibeba kwa mkono mmoja. Alikifungua kifuniko kuangalia kama lina unyevu. Ndani lilikuwa kavu. Upande wa ndani wa kifuniko kulikuwa na namba mbili zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kila moja kwa mwandiko wake, na zote zimekatwa kwa mstari. Mafundi wana desturi hiyo, alinieleza. Ukilitoa boksi unaandika gari lilikuwa limesoma kilometa ngapi, ili fundi wa baadaye ajue umri wake.

"Maana yake limeshaingia kwenye magari mawili kabla ya leo," alisema. Kisha akasugua ile mistari kwa kidole. "Ila kukata, hatukati. Tukate kwa nini?"

Hatukulijali hilo. Alilifunga, akalipachika, na lori likawaka kwa mara moja. Wifi alipiga kigelegele, nami nikamwambia kuanzia leo namdai shukrani. Fundi aliichomeka tena mashine yake ili aangalie kama kila kitu kiko sawa, nasi tukaendelea kutaniana. Tulipogeuka, mzee alikuwa ameinamia kioo cha mashine.

"Kuna ajali humu," alinong'ona.

"Si ni ya lile lori," nilisema.

"Boksi huandika hitilafu pamoja na kilometa zake. Injini imezimwa na mgongano. Kilometa laki mbili na kumi na nne elfu, mia nane na sita." Alielekeza kidole kwenye dashibodi. Lori letu lilikuwa limesoma 214,391.

Ajali hiyo ilikuwa haijatokea. Ilikuwa mbele yetu kilometa mia nne na kumi na tano.

Nilikimbilia ofisini, nikalifunua daftari langu. Lile lori la mtaroni niliandika mwenyewe: limesoma 161,052. Nikarudi nalo likiwa wazi kifuani. Fundi alikwishafungua kifuniko cha boksi tena. Namba ya pili, iliyokatwa kwa mstari, ilikuwa 161,052. Na boksi lilitoka kwenye lori lile dakika arobaini zilizopita, kwa mkono wa Fundi Fyuzi, ambaye hakuwa ameandika chochote.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wajuaji huanza. "Si mngefuta?" Alifuta. Mara tatu. Kila alipofuta, ile ajali ilirudi kabla hajanyanyua kidole. "Si mngelichomoa?" Alilichomoa. Alichomoa waya zote za boksi huku injini ikinguruma, na kwa kawaida injini hufa palepale.

Haikufa. Boksi lilikuwa mkononi mwa mzee, waya zinaning'inia, na injini iliendelea kunguruma taratibu.

Alilirudisha mahali pake. Wifi alizima ufunguo, na lori likakubali kuzimika. Tulikaa kwenye ngazi za ofisi. Nilitaka kulia; wazo lilikuwa langu. Nilimwambia hivyo, naye akanipiga kofi dogo la kisogo.

"Mdomo uliosema fungua ni wa nani? Usinitangulie kwenye dhambi zangu."

Tuliliegesha. Kama haliendi popote, namba haitafika. Hivyo ndivyo tulivyodhani. Betri ilitolewa ikawekwa chini ya meza yangu. Asubuhi yake nilipofungua geti niligusa boneti, ikaniunguza. Dashibodi ilisomeka 214,488. Kilometa tisini na saba, bila betri, bila dereva, na vumbi la chini ya tairi halijavurugwa. Wala sikupiga kelele. Nilichukua daftari nikaandika, kwa sababu mkono ulihitaji kazi.

Siku ya pili taa ya mkanda wa abiria iliwaka. Unaijua, ile inayokukumbusha kuwa aliyekaa pembeni hajafunga mkanda. Hapakuwa na mtu. Siku ya tatu vaipa zilianza kufuta kioo kikavu, taratibu, jua likiwaka, na ndani ya kabini mlinuka udongo uliolowa. Nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau. Siku tuliyolitoa lile lori mtaroni ilikuwa kiangazi. Barabara ilikuwa kavu, mtaro ulikuwa mkavu, majani yalikuwa yamekufa. Lakini tairi zake zilikuwa na tope jekundu, bichi.

Kaka yangu alimwomba mkewe aliuze. Aliomba kwa upole wake wote, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Kulikuwa na dalali aliyelitaka lori hilo siku nyingi, angekuja na kulichukua kabla ya jioni.

"Nimuuzie mtu jeneza lake?" wifi alimuuliza.

"Basi tulichome. Tulitupe mtoni."

"Mume wangu, tangu lini kitu cha gari kikatupwa kikakaa kilikotupwa? Kitaokotwa, kitasafishwa, kitauzwa. Fundi mwingine atalifungua hilo boksi akute namba tatu. Ya tatu itakuwa imeniacha mimi, imempata nani?"

Kaka alivua futi shingoni, akaikunja. Mimi nilikuwa na jibu ila nilikuwa mwoga kulisema: afadhali yeyote, mradi si wewe. Naona aibu, lakini ndivyo nilivyowaza.

Ijumaa asubuhi lori lilikuwa limebakiza kilometa tisa.

Nilimkuta wifi ameshafika kabla yangu. Alikuwa amesimama mbele ya lori, mikono kiunoni, kama anavyosimama mbele ya dereva mlevi anayekataa gari lake lisivutwe. Fundi Fyuzi alikuwa amechuchumaa pembeni.

"Mzee, nikuulize," wifi alisema. "Dashibodi inajuaje kama gari limekwenda kilometa moja?"

"Inahesabu mzunguko kule kwenye gia. Tairi ikizunguka, inahesabu."

"Hata kama tairi haigusi ardhi?"

 Mzee alivua miwani zote mbili.

"Haijui," alisema. "Masikini ya Mungu, haijui tofauti."

Baba yake wifi alituachia magogo mawili ya mti mgumu, mafupi, mazito, ya kuwekea magari makubwa yakiinuliwa. Tuliinua lori nyuma kwa jeki mbili, tukayaviringisha magogo chini ya ekseli, tukashusha. Tairi za nyuma zikabaki hewani, kiganja kimoja kutoka kwenye sakafu ya saruji. Tairi za mbele tukazikaba kwa mawe, na betri tukairudisha mahali pake. Mbele ya lori, hatua nane tu, kulikuwa na ukuta wa mawe wa yadi. Nilimwonyesha ule ukuta.

"Nimeuona," alisema. "Wewe kaa na magogo. Shika nyundo na kabari. Gogo likicheza, piga kabari. Usinitazame mimi, tazama gogo."

Wifi alipanda kwenye usukani, nami nilitaka kupanda nikae naye. Nilishafungua mlango wa upande wa pili na kukanyaga ngazi.

"Shuka, wifi," alinong'ona bila kugeuka. "Kiti hicho kina mtu."

Nilishuka.

Alifunga mkanda wake. Akaweka mikono miwili kwenye usukani, akaongea na dashibodi kwa sauti ya chini, lakini niliisikia yote. "Hutanikimbiza, na hutanisubiri kwenye kona. Nimekufuata mwenyewe, nikiwa nimeshiba, mchana, nyumbani kwa baba yangu." Akawasha.

Tairi zilianza kuzunguka hewani. Aliongeza gia, akaongeza tena, hadi mwendo wa sitini. Kilometa moja kwa dakika. Fundi alisimama kwenye dirisha lake, akihesabu kwa kunong'ona.

"Mia saba tisini na nane. Tisa."

Mwanzoni ilikuwa kelele tu, na upepo wa tairi usoni mwangu. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, macho kwenye magogo. Nilianza kufikiri kwamba labda ni uzee wa mashine, labda tumejitia wazimu watu wazima watatu.

"Mia nane."

Tone likaniangukia mkononi. Nikatazama juu. Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Likaja lingine. Yalikuwa yanaruka kutoka kwenye tairi, na tairi zilikuwa kavu.

"Mia nane na mbili."

Vaipa zikaanza. Haraka sasa. Ndani ya kabini nilisikia mkanda ukivutwa, ule mlio wake wa kukwaruza, halafu ukalia: tiki. Mkanda wa abiria.

"Na tatu," mzee alisema.

Usukani ulianza kuvuta kushoto. Niliona mabega ya wifi yakishindana nao. Lori zima likatikisika. Gogo la kushoto likalia.

Nikapiga kabari. Likalia tena. Nikapiga.

"Na nne."

Ufa. Niliuona ukianza juu ya gogo, mwembamba kama unywele, ukishuka. Tairi iko hewani, mwendo wa sitini. Ikigusa saruji, lori litaruka juu ya mawe na kwenda ukutani na wifi ndani. Nikaelewa. Boksi halikuwa linasubiri barabara. Lilikuwa linataka ardhi tu.

"Wifi, zima!" nilipiga kelele.

"Sizimi!"

"Gogo linapasuka!"

"Basi lipigie kabari, mwanamke, ulizaliwa na mikono ya nini!"

Nikatupa woga. Sijui ulikwenda wapi; ilibaki hasira. Hasira kwa kile kitu, kwa namba zake, kwa unyamavu wake wa kizembe. Niliingiza kabari kwenye ufa wa chini, nikaweka mguu, nikapiga nyundo, nikapiga, nikatukana matusi ambayo kaka yangu hadi leo hajui kama nayajua. Tope lilinirukia usoni. Lilikuwa la baridi.

"Na tano," mzee alinong'ona. "Mwanangu. Na tano."

Kilometa ya mwisho haina maelezo. Dakika moja. Gogo, nyundo, gogo. Pembeni mwa jicho langu, nyuma ya kioo cha abiria, kulikuwa na kitu kimeketi wima. Sikukitazama. Aliniambia nitazame gogo.

"Na sita."

Kishindo.

Nilikisikia, na majirani wa mtaa wa pili walikisikia, wakaja kuuliza nani kagonga. Bati lilipasuka, kioo kilimwagika, chuma kilijikunja. Injini ikazima. Lakini lori lilikuwa pale pale juu ya magogo, vioo vizima, boneti nzima. Ukuta mzima.

Wifi alikuwa ameinamia usukani. Nilipanda ngazi za kabini kwa magoti. Alikuwa anapumua. Aliinua kichwa, machozi yanamtoka, akageukia kile kiti cha pembeni, ambacho sasa kilikuwa kitupu, mkanda wake ukiwa umefungwa.

"Umemaliza?" alikiuliza. "Mimi sijamaliza."

Akashika ufunguo, akawasha tena. Alikwenda kilometa nyingine nzima pale pale hewani, akilia na kuimba, hadi dashibodi iliposoma 214,807. Ndipo akazima kwa mkono wake mwenyewe.

Tairi za nyuma, zilizokuwa zimezungukia hewani juu ya saruji, zilikuwa zimejaa tope jekundu na majani mabichi. Fundi Fyuzi alilichomoa boksi na kufungua kifuniko. Namba ya tatu ilikuwa imeandikwa, 214,806, kwa mwandiko ambao si wa mmoja wetu. Mstari wa kuikata ulikuwa umeanzia kwenye mbili, ukafika kwenye nne, ukaishia hapo.

Hakulitupa. Alilipigapiga nyundo hadi likawa chapati, akachanganya saruji mwenyewe, akalizika katikati ya nguzo ya geti letu. Lori likakaa wiki sita likisubiri boksi jipya, nyumba nzima ikakoma kupumua, na hakuna aliyelalamika. Leo linavuta magari kama kawaida, na taa ya mkanda wa abiria haijawaka tena.

Ila kuna hili. Saruji ya nguzo ilipokauka, ilikuwa na maandishi, kama mtu ameandika kwa kidole kabla haijashika. Tuliikwangua, yakarudi. Tukapaka rangi, yakarudi juu ya rangi. Ni namba: 98,317. Haijakatwa. Lori la wifi lilishaipita namba hiyo miaka mingi iliyopita, kwa hiyo si ya kwake.

Kaka alitaka nguzo ivunjwe. Wifi alikataa. Alichukua rangi nyekundu, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: KAMA GARI LAKO LINAKARIBIA HAPA, INGIA. Madereva wa mtaa huu hupunguza mwendo wakifika getini, wanasoma, wanachungulia dashibodi zao. Wengine hucheka. Hakuna anayepita bila kuchungulia.

Jana saa tano asubuhi aliingia mwalimu mmoja na kigari chake kidogo, amekonda kwa kukosa usingizi. Alisema alinunua vipuri vyake mahali fulani, hakumbuki wapi, na kwamba siku hizi vaipa zinajiwasha. Nilichungulia dirishani mwake. Kilisoma 98,309.

Wifi hakumuuliza jina. Alikunja mikono ya ovaroli akaenda kuviringisha magogo, nami nikaenda kutafuta nyundo.